Mboga za nchi ya shaba (2): Bustani, dawa na chungu cha Fungurume

Juma lililopita tuliona jinsi Fungurume, mji ulio njiani kati ya Likasi na Kolwezi, ulivyofurika watu tangu mgodi wa Tenke Fungurume ulipoanza kutoa shaba mwaka 2009. Leo tunawaacha wachimbaji na malori yao, tunaingia bustanini.

Katika miji ya Lualaba, mkoa wa Kongo wenye Fungurume, anayelima mboga, anayejua majani ya kutuliza tumbo la mtoto na anayepika bukari ya jioni mara nyingi ni mtu yule yule, na mara nyingi ni mama mtu mzima. Kwenye makaratasi ya miradi huandikwa "mkulima mdogo". Naona jina hilo linampunja. Anayetaka kuishi kwa mimea katika nchi hii hana budi kuwa mjuzi wa udongo kwanza, tena mjuzi wa udongo usiofaa.

Msafiri wa barabara kuu huona miombo imefunika nchi, kisha ghafla kinatokea kilima kipara: nyasi fupi, maua, mti hakuna. Si moto wala shoka. Udongo wa pale una shaba na kobalti nyingi mno, na mizizi ya mti wa kawaida ikifika hapo hudumaa. Wafua shaba wa Basanga walivijua vilima hivyo zamani, kabla mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet hajafika Katanga, jina la zamani la eneo hili, mwaka 1892. Mimea iliyosalia huko ni ile iliyojizoesha sumu, na kati yake wataalamu wamehesabu spishi zaidi ya 30 zisizoota kwingine kokote duniani ila kwenye udongo huu wa shaba wa Kongo.

Mmoja unafaa kukaririwa na kila mwenye jembe. Ni Haumaniastrum katangense, mmea mfupi wenye maua ya zambarau, wa familia moja na mrehani na kivumbasi. Huota upesi mahali palipochimbuliwa penye shaba, hata wanaakiolojia wameufuata kutafuta mahali palipokuwa na tanuri za kale. Kwa mtunza bustani ua hilo ni onyo. Undugu wake na mrehani usimdanganye mtu akauchuma kwa chai wala kwa dawa.

Tatizo ni kwamba si kila udongo mbaya una ua la kututahadharisha. Bonde likiwa mbali na kilima bado maji ya mvua huleta mchanga, na upepo huleta vumbi. Bustani nyingi za mboga hustawi wakati wa kiangazi, Mei hadi Oktoba, kandokando ya vijito ambako kumwagilia ni rahisi. Huo ndio wakati malori yanapotimua vumbi jekundu kupita kiasi. Lenga-lenga (mchicha), matembele na kabichi ya Kichina vinanenepa, na vumbi linatua juu yake.

Hapa kuna kisa cha kisayansi ambacho mpishi yeyote atakifurahia. Mwaka 1977 mtafiti R. R. Brooks alitangaza kwamba Haumaniastrum robertii, ndugu wa mmea niliokwisha kuutaja, una zaidi ya gramu 10 za kobalti katika kilo moja ya majani makavu. Dunia ya wanabotania ilishangaa. Miaka 30 baadaye, mwaka 2007, Michel-Pierre Faucon na wenzake waliirudia mimea ya shaba ya Katanga, ila safari hii waliyaosha majani kwa uangalifu kabla ya kuyapima. Viwango vilishuka sana. Sehemu kubwa ya madini yaliyokuwa yakihesabiwa kuwa ya jani ilikuwa vumbi lililogandamana juu ya jani! Maabara zilihitaji miongo mitatu kufika pale ambapo mama mwenye beseni tatu za maji huanzia kila jioni.

Lakini kuosha hakumalizi kazi. Kobalti hupanda pia kupitia mizizi, tena hupanda hadi kwenye majani kwa urahisi kuliko shaba, ambayo hupenda kubaki mizizini. Mwaka 2009 Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery na wenzao wa Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote. Utafiti wa mwaka 2014 ulifuatilia njia ambazo kobalti hupita: kwa watu wazima, mboga za hapo hapo zilikuwa mlango mkubwa; kwa watoto, vumbi lenyewe, kwa sababu hucheza chini na kutia vidole mdomoni.

Basi mama wa bustani aache kulima? La. Udongo mchachu huachia madini, na uchachu ukipungua huyashika. Chokaa ya kilimo na samadi iliyooza vizuri hupunguza kile ambacho mzizi unaweza kunyonya, na wataalamu wa kilimo wa Lubumbashi wamelifanyia kazi jambo hili kwa miaka. Tena mmea una sehemu zake. Majani hubeba zaidi, punje na matunda hubeba kidogo. Kiwanja chenye shaka kipewe mahindi au nyanya, na mboga za majani zihamishiwe kwenye udongo ulio salama zaidi, mbali na barabara.

Turudi jikoni, kwa sababu mpishi wa Lualaba hakuanza jana kupambana na sumu. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ni ushahidi. Jani bichi la muhogo lina kemikali inayotoa sayanidi. Mama huchuma majani machanga na kuyatwanga kinuni mpaka yawe laini kabisa. Kutwanga huko ndiko kunakovunja seli na kuifungulia sumu njia. Kisha huyachemsha kwa muda mrefu juu ya mbabula, sumu ikatoka na mvuke, ndipo yanafuata mawese, kitunguu na samaki mkavu. Anayefupisha kazi hii kwa kukosa makaa anacheza na hatari. Tunajua mizizi ya muhogo isiyolowekwa vya kutosha ilivyoleta konzo, kupooza kwa miguu ambako daktari Trolli alikueleza huko Kwango mwaka 1938.

Munkoyo, kinywaji cha mahindi, nao una ujanja wake. Uji mzito wa mahindi ukishapoa kidogo hutiwa mizizi ya porini iliyopondwa, hasa ya Rhynchosia. Mizizi hiyo ina vimeng'enya vinavyokata wanga, na baada ya saa chache uji uliokuwa ukisimamisha mwiko unamiminika kama maji, mtamu bila chembe ya sukari. Kiwanda cha bia hufanya kazi hiyo hiyo kwa shayiri iliyochipushwa.

Aliyeyaandika mengi ya namna hii ni François Malaisse, mwanabotania Mbelgiji aliyefundisha Lubumbashi na kuitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye miombo. Kitabu chake cha 1997, Se nourrir en forêt claire africaine, kinaeleza uyoga, viwavi, asali, matunda na mizizi ambayo watu wa Katanga hula. Mwaka 2016 yeye na wenzake walitoa mwongozo wa mimea ya vilima vya shaba na kobalti. Namheshimu sana, ila tukumbuke kwamba ujuzi mwingi wa kitabu kile cha kwanza ulitoka vinywani mwa wenyeji, na wengi wao hawakuweza kusoma Kifaransa alichokiandikia.

Si kila chakula cha porini kinaweza kuvumilia walaji wote tulio nao sasa. Kikanda, ile mikate ya viazi vya okidi na karanga inayokatwa vipande sokoni, kinahitaji kung'oa mmea mzima. Huko Zambia uhitaji wa viazi hivyo umevuka mpaka hadi Tanzania, na uchimbaji huo ulikuwa sababu mojawapo ya kuanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005.

Kuhusu dawa nitakuwa mkali. Mchaichai, tangawizi, majani ya mpera kwa kuhara: haya ni mambo ya nyumbani na yana nafasi yake. Lakini kuna mizizi kama ya Securidaca longipedunculata, inayonukia kama dawa ya kuchua misuli na kutumiwa sehemu nyingi za Afrika, ambayo imeua watu. Mmea wa Artemisia ulimpatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dutu iliyotolewa ndani yake na kupimwa, wala si kwa chai ya majani. Shirika la Afya Duniani halishauri chai hiyo kwa malaria, na mtoto mwenye homa kali apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Kwa Fungurume naongeza sharti moja: mzizi wa dawa usichimbwe kilimani penye shaba wala kando ya barabara ya malori. Hans-Martin Hirt na Bindanda M'Pia, walioandika pamoja kuhusu tiba asilia ya nchi za joto, wamehimiza mimea ya dawa ipandwe bustanini. Hapa ushauri huo una faida ya ziada, maana mwenye bustani anaujua udongo wake.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimepima mboga za ukanda huu kwa miaka mingi, na matokeo yamechapishwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Ombi langu kwa chuo, kwa mkoa na kwa kampuni za migodi ni moja: yabandikwe kwenye soko la Fungurume kwa Kiswahili, bonde kwa bonde na mboga kwa mboga, ili mama anayenunua fungu la lenga-lenga ajue limetoka wapi na limekutwa na nini.