Kodi ya Uani

Kaloleni, karibu kila ua una nyumba mbili. Ya kwanza ni ya mawe na vigae, iliyojengwa na manispaa ya Nairobi katika miaka ya 1940. Mwenyewe hadi leo ni serikali ya jiji, ambayo watu wa Eastlands huiita kanjo hata baada ya kugeuzwa jina na kuwa kaunti mwaka 2013. Ya pili ni ya mabati. Imeegemea ukuta wa ile ya kwanza, au imesimama peke yake pale palipokuwa na bustani ya sukumawiki, nayo huitwa ekstensheni. Anayelala ndani ya mawe hulipa kodi kwa kanjo. Anayelala ndani ya mabati hulipa kodi kwa yule wa mawe. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kulalamika asubuhi kwamba mwenye nyumba wake hajaziba bomba kwa miaka, na jioni hiyohiyo akagonga mlango wa mabati kuuliza kwa nini kodi haijaletwa.

Bila kuuelewa ua huo wenye tabaka mbili, huwezi kuelewa ugomvi wa kodi katika mtaa huu. Wengi husimulia kisa cha wapangaji na wenye nyumba kana kwamba ni kabila mbili zilizotenganishwa na mto. Kaloleni, kabila hizo mbili huishi ndani ya mwili mmoja.

Mtaa ulipangwa kwa nia njema kuliko mingi iliyoutangulia. Muthurwa walikuwa wafanyakazi wa reli, na Pumwani, kuanzia miaka ya 1920, Waafrika waliruhusiwa kujijengea nyumba za vyumba na kuvikodisha. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mtu wa kupita, mwanamume mwenye kitanda kimoja, ambaye mkewe na watoto wake walikuwa rizavu. Kaloleni ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kumkubali kama mtu mwenye familia. Nyumba zilikuwa za chini, zenye nafasi mbele na nyuma, barabara zake zikizunguka uwanja wa katikati kwa mfano wa miji ya bustani ya Uingereza, na pale katikati ukasimama ukumbi wa jamii. Katika ukumbi huo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya mkutano na kudai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki. Hata mwezi haukupita akakamatwa, akafungiwa mbali hadi 1961.

Nafasi ile ya mbele na nyuma ndiyo iliyozaa ekstensheni. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa. Ndugu walikuja kutoka mashambani kutafuta kazi. Kanjo haikuongeza chumba hata kimoja, na kazi za mjini zilipopungua, ua ukawa ndio shamba pekee ambalo familia ingeweza kulilima. Mzee akanunua mabati na mbao, akajenga chumba cha kijana wake, kisha kingine cha mtu baki mwenye kulipa. Kwa mjane aliyeachiwa nyumba bila pensheni, chumba hicho ndicho karo ya shule na ndicho chakula. Nalisema hili mapema kwa sababu wenye vyumba vya mabati hutukanwa sana, na wengi wao si matajiri. Ni watu wa ukuta mmoja na wapangaji wao, wanaopanga foleni kwenye mfereji uleule.

Nyumba yenyewe ya mawe haimilikiwi, lakini hurithiwa. Mtu aliyeipata kwa jina lake enzi za ukoloni au miaka ya kwanza ya uhuru aliiacha mikononi mwa mkewe, mke akamwachia mwana, na sasa wanaishi wajukuu. Kodi ya kanjo iko chini sana ikilinganishwa na ya nyumba za watu binafsi, hivyo hakuna anayehama kwa hiari. Aliyestaafu akarudi ushago huacha mtoto mmoja akilinda nyumba. Kisheria wote hao ni wapangaji tu. Kwa mila ya mtaa, nyumba ile ni boma: ndimo matanga hukaa kabla mwili haujasafirishwa kwenda nyumbani, na ndimo wajumbe wa mahari hupokelewa. Askari wa kanjo wanapokuja kufunga milango ya wenye malimbikizo, hasira inayozuka ni zaidi ya hasira ya mpangaji aliyechelewa kulipa. Watu huona ukoo umefungiwa nje.

Na sasa turudi uani, kwani ndiko maneno yalipo mengi.

Chumba cha mabati hakitangazwi. Kwa kawaida hupatikana kwa kuletwa: mtu wa kanisa lenu, mtu wa kwenu, mwenzako wa kazi anakupeleka kwa mama mwenye nyumba na kusema, "Huyu ni mtu mzuri." Neno hilo ndilo mkataba. Unalipa mwezi wa kwanza na dipoziti ya mwezi mwingine, unapewa kufuli au unaambiwa ununue yako, na kuanzia siku hiyo tarehe tano huwa na uzito kuliko Jumapili. Ndugu zetu wa Dar es Salaam hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mpigo, wakamlipa na dalali juu yake. Mzigo wao huwa mzito mara moja, wetu huja kila mwezi. Nairobi, mpangaji na mwenye nyumba hukutana uso kwa uso mara kumi na mbili kwa mwaka wakiwa na jambo la pesa kati yao.

Kwa hiyo lugha ya heshima hupimwa kwa makini. Mwenye nyumba wa kike huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama fulani, naye humwita mpangaji kwa jina la mtoto wake. Siku mmoja akitamka "landilodi" na mwingine akajibu "wewe mpangaji", majirani huelewa kwamba udugu umekwisha na hesabu imeanza.

Hesabu yenyewe mara nyingi si ya kodi. Ni ya stima. Mita ni moja na tokeni hununuliwa kwa kuchangiana, na anayepikia koili humaliza umeme wa wote kwa chungu kimoja cha maharagwe. Anayetoka alfajiri na kurudi usiku huuliza kwa nini alipe sawa na fundi anayepiga pasi mchana kutwa. Maji hayaji kila siku, na yanapokuja, mitungi ya nani itangulie? Choo ni kimoja, zamu ya kukiosha imeandikwa vichwani tu. Kamba ya kuanikia nguo, saa ya kufunga geti, redio ya jirani inayopenya mabati kana kwamba hakuna ukuta. Kisha anakuja mdogo wako kutoka kijijini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na uani siku ya tatu mwenye nyumba huanza kumhesabia maji.

Mambo yakiharibika, kila upande una silaha zake, nazo zote ni za kimya. Mwenye nyumba hukata waya wa stima. Huweka kufuli yake juu ya yako. Aliyefikia mwisho wa subira hung'oa mlango na kukuacha ulale na pazia, au huondoa bati moja la paa wakati wa mvua. Mpangaji naye hukataa kulipa mwezi wa mwisho kwa kujua kwamba dipoziti haitarudishwa, maana daima itapatikana rangi iliyochubuka au kitasa kilicholegea. Mwingine huita mkokoteni saa nane za usiku, akaondoka na godoro, meko na sufuria, akaacha kufuli ikining'inia kwenye mlango wa chumba kitupu. Nimeshuhudia mambo haya yote, na lililonichoma zaidi ni mlango uliong'olewa. Watoto waliokuwa ndani hawakuwa na deni na mtu.

Sheria ipo, na wengi hawaijui. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, sura ya 296 ya sheria za Kenya, inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Chini yake kuna baraza la kuamua migogoro. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kumfukuza mpangaji wa aina hiyo kwa mkono wake mwenyewe, wala kushika vyombo vyake, bila idhini ya baraza. Kiwango cha shilingi 2,500 kiliwekwa miongo mingi iliyopita, wakati pesa hizo zilikuwa kodi ya nyumba ya maana. Leo, chumba kikizidi hapo hata kwa shilingi moja, mlango wa baraza hilo umefungwa. Aliyelipa kidogo kuliko hapo naye huambiwa alete risiti, ilhali tangu aingie hajawahi kuona kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ya mpangaji hupotea kwa njia hiyohiyo.

Kilichosaidia bila kukusudiwa ni M-Pesa. Tangu 2007 ilipoanza, ujumbe wa simu umekuwa risiti ya watu wasio na risiti: jina, kiasi, tarehe, saa. Wazee wa mtaa na viongozi wa Nyumba Kumi, ule mpango wa ulinzi wa majirani, wanapoketi kusuluhisha, siku hizi husema kwanza, "Fungua simu tuone." Na nimegundua kwamba mwenye nyumba anayesisitiza alipwe mkononi tu, miezi yote, mara nyingi ndiye atakayekana hesabu baadaye. Si wote, lakini jihadhari naye.

Usuluhishi wa uani una hekima yake, nisije nikaonekana naudharau. Mpangaji akifiwa, mwenye nyumba hunyamazia kodi ya mwezi huo na kutoa mchango wa safari ya mwili; anayedai siku ya msiba hataitwa kwenye jambo lolote tena. Mwaka 2020, korona ilipofunga kazi, wako wenye vyumba waliokata kodi kwa nusu kwa kuwa nao waliona vibarua vyao vikikatika, na wako wengine, sehemu nyingi za Kenya, walioondoa milango na mabati. Hapo ndipo upungufu wa mila isiyoandikwa ulipoonekana. Inategemea moyo wa mtu mmoja, na njaa hubadilisha moyo.

Pwani ya Kenya ina mfano wa kufikiria. Mombasa, tangu zamani, kuna nyumba bila ardhi: huyu anamiliki nyumba, yule anamiliki kiwanja, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi kizazi baada ya kizazi. Utaratibu huo umezaa kesi nyingi na sisemi kwamba ni wa kuigwa ulivyo. Lakini umeweka jambo moja wazi, kwamba aliyejenga ana haki yake hata kama udongo si wake. Kaloleni mabati yamejengwa kwa jasho la mtu juu ya udongo wa umma, na hakuna daftari lolote linalomtambua aliyejenga, sembuse anayelala ndani.

Upungufu huo sasa ni hatari. Kwa miaka kadhaa mipango ya jiji imekuwa kubomoa mitaa ya zamani ya kanjo na kujenga maghorofa. Pangani ilitangulia: familia 48 za wapangaji wa kanjo zilipewa shilingi 600,000 kila moja ili zitafute pa kukaa wakati wa ujenzi. Ni jambo la haki kwa aliyeandikwa. Je, Kaloleni, ambako nyuma ya kila aliyeandikwa kuna mmoja, wawili au watatu wasioandikwa, nani atamwuliza mkaazi wa mabati anakwenda wapi? Mwenye nyumba wa mawe atapokea fidia kama mpangaji, na hapohapo atapoteza kodi aliyokuwa akiila. Mkaazi wa mabati atapoteza chumba na dipoziti siku moja. Jirani zetu wa Muthurwa walishaonja hayo. Mwaka 2010 matingatinga yaliingia mtaani humo, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki yao ya makao ilikuwa imevunjwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Hakisemi kila mtu mwenye jina kwenye daftari la kanjo.

Ninaloiomba kaunti ni kazi ya kalamu, nayo ifanywe kabla tingatinga halijawashwa: maofisa wapite ua kwa ua, waandike nani analala katika mawe na nani katika mabati, tangu lini, na kwa kodi gani. Wenye nyumba za mawe wasifiche wapangaji wao kwa kuogopa kuonekana walivunja kanuni, maana aliyefichwa leo ndiye atakayekosa pa kulala kesho. Nawe uliyepangisha chumba uani kwako, usingoje kaunti. Tarehe tano ijayo, ukipokea kodi, chukua karatasi uandike jina, kiasi na tarehe, utie sahihi, umpe mpangaji wako.