Matongotongo ya siku ya tatu

Ukitaka ugonjwa upotee kwenye takwimu, uanze baada ya mama kutoka wodini, kabla ya arobaini. Maambukizi ya macho kwa vichanga yako hivyo.

Mama anajifungua salama Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tabora, na muda si mrefu yuko nyumbani Isevya au Ng'ambo. Kama alikuwa na kisonono bila kujijua, kwa mtoto kitajitokeza kati ya siku ya pili na ya tano: kope zimevimba hazifunguki, usaha wa njano ukifutwa unarudi. Klamidia huchelewa, siku ya tano hadi ya kumi na nne. Siku hizo ndizo za mzazi kukaa ndani. Bibi anasema ni matongotongo tu, mkamulie maziwa jichoni. Kumbe ya kisonono hayangoji. Ndani ya saa 24 yanaweza kutoboa kioo cha jicho.

Si kwamba mji huu ni mgeni wa kufuatilia magonjwa. Enzi ukiitwa Kazeh, misafara ya pwani ilipita hapa na ndui pamoja na pembe za ndovu. Dk. James Christie, aliyekuwa Unguja kipindupindu kilipopiga mwaka 1869 na 1870, alikusanya habari kwa watu waliozijua njia za bara, akafuatilia ugonjwa ulikopitia. Kitabu chake kilitoka 1876. Siku hizi kituo cha afya kinatuma ripoti kila wiki, na kipindupindu kikishukiwa taarifa inapanda siku hiyo hiyo.

Ila mfumo huo unawinda kinachoruka sokoni na stesheni. Kichanga hatishi jirani. Anachobeba ni habari za wazazi wake: jicho moja la usaha ni taarifa ya wagonjwa watatu. Kliniki ya wajawazito inapima VVU na kaswende; kisonono na klamidia aghalabu husubiri dalili, na wanawake wengi hawazioni.

Kinga ipo, tena ya zamani. Daktari Carl Credé wa Leipzig alianza kuwatia watoto matone machoni mwaka 1880. Leo hutumika mafuta ya tetrasaikilini ya asilimia 1 mara baada ya kuzaliwa. Utafiti wa Kikuyu, Kenya, uliochapishwa 1995 kwa watoto zaidi ya 3,000, ulionyesha matone ya povidoni-ayodini, dawa ya bei nafuu kabisa, yanakinga vizuri kuliko yale ya Credé.

Lakini dawa ya jicho haimtibu baba, na mama akitibiwa peke yake ataambukizwa tena. Kwa maoni yangu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apige hodi siku ya tatu na ya saba, aombe kuona macho ya mtoto, aandike daftarini siku usaha ulipoanza. Siku hiyo humpa muuguzi pa kuanzia, sindano ya seftriaksoni leo leo kwa kisonono au dawa ya kunywa kwa klamidia, huku baba akiitwa kituoni.