Chozi Hulea kwa Buibui

Wengi humjua chozi kwa maua. Ndiye yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayeng'ang'ania ua la mgomba au la mshubiri na kufyonza mbochi, yaani utamu wa ndani ya ua. Lakini msimu wa kulea ukifika, ndege huyu humhitaji buibui kuliko ua lolote.

Chukua chozi mwenye kifua chekundu, Chalcomitra senegalensis, ambaye si mgeni katika bustani za Nairobi wala Kampala. Dume ni mweusi tii, utosi na koo vinang'aa kijani, na ukimvuta kwa darubini utaona vitone vya buluu kwenye manyoya mekundu ya kifuani. Jike ni wa kahawia iliyofifia, na ujenzi wote ni wake.

Huanza na uzi. Hupita chini ya dari la baraza na kwenye kona za ua akizoa tandabui kwa mdomo, kisha huzizungusha kwenye kijiti, au hata kwenye waya wa taa, mpaka zishike. Hapo huning'iniza nyasi, majani makavu na vipande vya magome, akivifunga kwa tandabui zile zile. Mwishowe hupatikana mfuko wenye mlango ubavuni, na juu ya mlango kijibaraza cha kukinga mvua. Ndani hutandika manyoya na sufi. Kwa nje ni kama takataka zilizonaswa na upepo, na wenye nyumba wengi hupita chini yake wasishtuke. Uzi wa buibui ni imara na hunyumbuka, hivyo kiota huyumba bila kukatika. Anayefagia tandabui kila asubuhi simlaumu, ila ajue anamnyang'anya fundi kamba zake.

Mayai mara nyingi huwa mawili, na jike huyaatamia peke yake kwa siku 13 hadi 15. Dume wakati huo yuko juu ya mti, anaimba na kufukuza madume wengine, hata yule anayemwona kwenye kioo cha gari.

Makinda huanguliwa uchi, macho yamefumba, na mbochi haiwafai sana. Karibu yote ni maji na sukari. Protini ya kujengea misuli na manyoya ni kidogo mno. Sasa dume naye huteremka kazini. Ukikaa kimya nyuma ya pazia utamwona mzazi akipapatika hewani mbele ya utando kwa nukta chache, akamnyofoa buibui katikati, akaenda naye kiotani. Huleta pia viwavi na wadudu wengine laini. Baada ya kulishwa, kinda hugeuza mkia mlangoni na kutoa kinyesi kilichofungwa ndani ya kifuko cheupe. Mzazi hukibeba akakitupe mbali. Kwa hiyo anayepulizia bustani dawa ya wadudu wiki hizo anafagia meza ya makinda, hata kama maua yote yamechanua.

Adui wa ajabu zaidi ni kekeo wa Klaas, ndege wa kijani na mweupe aliyepewa jina la Mkhoikhoi aliyefuatana na msafiri Mfaransa François Levaillant kule kusini mwa Afrika. Kekeo hutaga yai kwenye kiota cha chozi, na kinda lake likishaanguliwa huyasukuma nje mayai au makinda ya wenye kiota. Chozi huendelea kulilisha.

Watu husema ukimgusa kinda, mama humkataa kwa harufu ya mkono wako. Si kweli, kinda aliyeanguka anaweza kurudishwa. Kinachowatorosha wazazi ni kuchungulia mara kwa mara, hasa wakati wa kujenga na kuatamia.

Makinda huruka baada ya wiki mbili hadi tatu hivi. Tawi lenye kiota lisikatwe upesi, kwani jike aghalabu hukikarabati kiota hicho hicho na kutaga tena.