Ni Nani Aliyetunga "Adeste Fideles"?



Kila mwaka Krismasi ikaribiapo, kwaya zetu huanza tena kuimba wimbo ule unaowaita waaminifu waende Bethlehemu wakamsujudie Mtoto aliyezaliwa. Jina lake la asili ni la Kilatini, Adeste Fideles. Wako Wakristo wanaouliza kwa wasiwasi: je, huo si wimbo wa Kanisa la Rumi? Na katika miaka hii ya karibuni limezuka swali la pili, zito kuliko la kwanza: je, ni kweli kwamba wimbo huu ulitungwa kwa siri ili kumsifu mfalme wa dunia, wala si Bwana Yesu? Swali hilo si la kupuuzwa. Tusiimbe mbele za Mungu neno ambalo hatujui linamsifu nani.

Kwanza, mtungaji. Wengi wametajwa. Wengine walisema ni Bonaventura, mtawa mwenye elimu aliyekufa mwaka 1274. Wengine wakasema ni Mfalme Yohana wa Nne wa Ureno, aliyependa sana muziki. Hiyo habari ya Ureno ina chanzo chake, nacho chachekesha kidogo. Katika karne ya 18 sheria za Uingereza ziliwakataza Wakatoliki kuabudu hadharani, lakini balozi za nchi za Kikatoliki ziliruhusiwa kuwa na makanisa yao madogo mjini London. Wimbo huu uliimbwa katika kanisa la ubalozi wa Ureno. Bwana mkubwa mmoja, Duke wa Leeds, aliusikia hapo, akaupenda, akaupeleka kwenye tamasha za muziki. Na watu wakauita Wimbo wa Kireno kwa sababu tu ya nyumba uliosikiwa. Jina hilo lilidumu katika vitabu vya nyimbo kwa miaka mingi. Vincent Novello, aliyekuwa mpiga kinanda katika kanisa hilohilo, hakukubali. Yeye alisema sauti yake ni ya Mwingereza John Reading.

Lakini mashahidi walio bora ni maandiko yenyewe ya mkono. Mwaka 1947 mtawa mmoja wa Buckfast, John Stephan, alitoa kitabu kidogo baada ya kuyachunguza. Nakala za zamani kuliko zote ni za miaka ya 1740 na mwanzo wa 1750, na mkono uliozinakili ni mmoja: wa John Francis Wade. Huyu alikuwa Mwingereza Mkatoliki, si padre, aliyeishi Douai katika Ufaransa, akijipatia riziki kwa kufundisha na kwa kunakili nyimbo za kanisa kwa hati nzuri sana. Alikufa mwaka 1786. Je, aliutunga mwenyewe, au aliunakili tu kama alivyonakili nyimbo nyingine? Hapo ndipo wataalamu wanapogawanyika. Sisi twaona kwamba, maadamu hakuna nakala iliyothibitishwa kuwa ya kale kuliko zake, heshima hiyo ni yake mpaka mwingine alete ushahidi.

Sasa tulifikie lile swali zito. Mwaka 1688 Mfalme Jakobo wa Pili alifukuzwa Uingereza, na wafuasi wa ukoo wake wa Stuart walitumaini kwa muda mrefu kuurudisha ufalme. Mjukuu wake Charles, aliyezaliwa Rumi tarehe 31 Desemba 1720, siku chache baada ya Krismasi, aliongoza maasi mwaka 1745, akashindwa kabisa huko Culloden mwezi wa Aprili 1746. Wade alikuwa upande wa ukoo huo. Mwaka 2008 Profesa Bennett Zon wa Chuo Kikuu cha Durham alieleza kwamba wimbo huu ulikuwa na fumbo: waaminifu ndio wafuasi wa Charles, Bethlehemu ndiyo Uingereza, na mfalme aliyezaliwa ndiye huyo kijana. Alionyesha pia kwamba vitabu vya Wade vimepambwa kwa alama za ukoo wa Stuart. Tena katika Kilatini neno la "malaika", angelorum, na lile la "Waingereza", anglorum, yatofautiana kwa herufi moja tu. (Mchezo huo wa maneno si mpya, Beda aliusimulia katika historia yake ya Kanisa la Uingereza mwaka 731.)

Yawezekana kabisa kwamba watu wa Douai walipouimba walimkumbuka mkuu wao aliye uhamishoni. Lakini, ndugu zangu, endeleeni mpaka ubeti wa pili. Humo mna mafundisho ya Imani ya Nikea: kwamba Mwana ni Mungu kweli, kwamba amezaliwa na Baba wala hakufanywa kama vifanywavyo viumbe. Je, kuna mfuasi wa Charles, hata awe na bidii namna gani, ambaye angethubutu kumwambia hayo kijana mwenye baba na mama waliojulikana na watu wote? Fumbo laweza kuingia katika ubeti wa kwanza. Katika wa pili halina mahali pa kukaa. Na ubeti huo umo tangu mwanzo, haukuongezwa baadaye.

Mambo mengine ndiyo yaliyoongezwa. Wade aliacha beti nne tu. Padre Borderies, Mfaransa aliyekimbilia Uingereza wakati wa mapinduzi ya nchi yake, alitunga beti nyingine mwishoni mwa karne ya 18. Hata mwendo ulibadilika: katika nakala za mwanzo wimbo huenda kwa mapigo matatu, karibu kama ngoma ya kuchezwa, na leo twauimba kwa mwendo wa hatua. Sauti ilipigwa chapa na Samuel Webbe mwaka 1782.

Kuhusu Kanisa la Rumi: Kiingereza kinachoimbwa duniani pote kilianzwa mwaka 1841 na Frederick Oakeley, naye alikuwa kasisi wa Kianglikana katika Margaret Chapel, London, alipoufasiri kwa ajili ya washarika wake. Mstari wake wa kwanza ulikuwa mzito mdomoni, na mwaka 1852 ulitokea umebadilishwa katika kitabu kingine cha nyimbo. Oakeley mwenyewe alijiunga na Kanisa la Rumi mwaka 1845. Tafsiri yake ilibaki kwetu.

Neno moja kwa viongozi wa kwaya. Ubeti wa mwisho wamsalimu Bwana aliyezaliwa asubuhi hii, na kwa desturi ya makanisa mengi huachwa mpaka siku yenyewe ya Krismasi. Basi mkiuimba katika majuma ya Majilio, simamieni ubeti ulio kabla yake.