Kugeuza Ramani za Mafuriko kutoka Rasta kuwa Vekta

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wanafahamishwa kwamba ramani za maeneo yenye hatari ya mafuriko hutolewa kwa sura mbili, na aghalabu sura hizo huchanganywa.

Ya kwanza ni rasta, yaani eneo lililogawanywa vijiraba vidogo, kila kimoja kimebeba tarakimu yake, mathalan kina cha maji kwa mita. Ya pili ni vekta, yaani mipaka iliyochorwa kwa nukta na mistari, kama ule wa shehia. Sheha anayetaka kujua nyumba zipi zimo hatarini huhitajia hii ya pili, kwani huwekwa juu ya ramani ya nyumba zikahesabiwa kwa wepesi.

Kazi ya kugeuza hufanywa kwa programu ya ramani kama QGIS, ambayo hutolewa bila ya malipo. Programu hukusanya vijiraba vinavyopakana vyenye tarakimu moja na kuvizungushia mpaka. Hapa ndipo panapotakiwa hadhari. Chombo cha kawaida cha kugeuzia huchukua namba nzima tu. Penye maji ya mita 0.4, yanayokaribia goti la mtu mzima, huandikwa 0, na msomaji akadhani ni pakavu. Kwa hivyo ni lazima kina kigawanywe madaraja kabla ya kugeuzwa: tuseme 0 kwa pakavu, 1 kwa maji yasiyozidi nusu mita, na 2 kwa yanayozidi hapo. Vile vile ramani iwe katika mita, kwa kanda ya 37 Kusini ya UTM, wala si katika digrii. La sivyo ukubwa wa eneo hautapimika sawasawa.

Liko na suala la mpaka wenyewe. Vipimo vya mwinuko wa ardhi vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour mwezi wa Februari, 2000, vina vijiraba vya takriban mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Mitaa ya Ng'ambo ilivyosongamana, nyumba kadhaa huenea ndani ya kijiraba kimoja. Mstari uliotokana na vipimo hivyo, hata ukilainishwa ukapendeza macho, haujui zaidi ya kile kijiraba kilichouzaa.

Mtumishi, basi, asimwambie mwenye nyumba iliyo hatua tatu nje ya mstari kwamba yu salama. Aende pahala penyewe, atazame alama ya maji ukutani, na awaulize majirani masika yaliyopita yalifika wapi.