Bega Linalouma kwa Kuinua Vyuma

Siku hizi katika miji yetu, na hata karibu na masoko madogo ya mashambani, vijana wengi huinua vyuma ili kuutia mwili nguvu. Wenye fedha huenda jimu. Wengine hujitengenezea chombo chao kwa bomba la chuma na mikebe miwili iliyojazwa saruji. Zoezi hili ni jema. Lakini bega ni miongoni mwa viungo vinavyoumia mara nyingi kwa kazi hiyo, nalo likisha kuuma, watu hufanya moja katika mambo mawili: ama huendelea kuinua kwa ushupavu, wakidhani kwamba maumivu ni sehemu ya mazoezi, ama huulaza mkono kwa miezi bila ya kuutumia. Yote mawili ni makosa, na sababu yake huonekana mtu akijua jinsi bega lilivyoumbwa.

Tazama kwanza nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kimeingia ndani ya tundu lenye kina, kama mchi katika kinu. Bega sivyo lilivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na tundu lake katika kombe la mkono ni dogo, tena halina kina. Ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani. Kwa sababu hiyo twaweza kutupa jiwe, kujikuna mgongoni na kujitwisha mzigo kichwani. Lakini kwa sababu hiyo hiyo bega huteguka upesi kuliko viungo vyote vikubwa vya mwili. Kinachomshikia mtu chungwa hilo lisianguke ni misuli minne midogo itokayo katika kombe la mkono, ambayo kano zake hukizunguka kichwa cha mfupa kama ukosi wa shati unavyozunguka shingo.

Misuli hiyo haionekani katika kioo, na hapo ndipo shida huanzia. Kijana hutaka kifua kipana. Kila jioni hulala chali juu ya benchi akasukuma chuma juu, akasukuma tena, wala hakumbuki misuli ya mgongo. Kifua hupata nguvu, na ile misuli minne huachwa nyuma hali mzigo unazidi. Tena kano hupata damu kidogo kuliko msuli, kwa hiyo huchelewa kuimarika, na ikiumia huchelewa kupona. Mara nyingi hapana siku moja ambayo mtu aweza kusema, “Leo ndipo nilipoumia.” Aliongeza kilo mbili, akaongeza nyingine mbili, hata asubuhi moja akashindwa kuvaa shati bila ya kukunja uso.

Wako pia wanaoumia kwa mara moja, na hao si wanagenzi tu. Katika Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, iliyofanywa Athens mwaka 1896, Viggo Jensen wa Denmark na Launceston Elliot wa Uingereza waliinua kwa mikono miwili uzito ule ule, kilo 111.5, na Jensen akapewa ushindi kwa kuwa aliinua kwa namna nzuri zaidi. Lakini alikuwa ameumia bega akijaribu uzito mkubwa zaidi. Ilipofika zamu ya kuinua kwa mkono mmoja, Elliot aliinua kilo 71, naye Jensen akaishia kilo 57.

Basi, mtu akisikia maumivu afanye nini? Kwanza na aache kile kitendo kinacholiumiza bega, si mazoezi yote. Miguu na tumbo havikukosa kitu. Katika siku mbili tatu za mwanzo aweza kuweka barafu iliyofungwa katika kitambaa, kwa dakika 15 hivi kila mara. Dawa ya kutuliza maumivu yafaa ili mtu apate usingizi, lakini anayeimeza ili akainue chuma kizito ajidanganya, maana amemnyamazisha mlinzi wa nyumba yake mwenyewe.

Baada ya siku hizo mkono uanze kutembezwa, kwa kuwa bega lililolazwa muda mrefu hukakamaa. Ainame, ashike meza kwa mkono mzima, na ule unaouma auache uning’inie na kuyumba taratibu. Kisha atafute kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akifunge katika nguzo kwa kimo cha kiwiko. Asimame ubavu kwa nguzo, mkono unaouma uwe upande wa mbali, kiwiko kimekunjwa na kubana ubavuni, auvute mpira kuelekea nje polepole mara 10 au 15, apumzike, arudie mara mbili tena. Hilo ndilo zoezi la ile misuli iliyosahauliwa. Maumivu madogo wakati wa kuvuta si kitu, iwapo yamekwisha kesho yake asubuhi. Yakizidi, kazi ilikuwa nyingi, ipunguzwe.

Kano haiponi kwa haraka. Majuma 6 hadi 12 ni muda wa kawaida, na wengine huchukua zaidi. Anayerudi katika benchi aanze na nusu ya uzito wake wa zamani au chini ya hapo, viwiko visitawanywe mpaka vikalingane na mabega, na kwa kila zoezi la kusukuma afanye moja la kuvuta. Mwenye mikebe ya saruji aipime kwanza kwa mizani ya dukani, kwa maana ni mara chache mikebe miwili iliyojazwa kwa jicho kuwa na uzito sawa.

Yako mambo yasiyongoja mazoezi. Bega lililobadilika umbo baada ya kishindo, mkono usioweza kuinuka kabisa, vidole vyenye ganzi, au kiungo chenye joto pamoja na homa, vyote ni vya hospitali. Bega lililoteguka lisivutwe na rafiki wala mkandaji, hata awe hodari namna gani. Karibu nalo hupita mishipa ya damu na ya fahamu, na huenda mfupa umevunjika pia, jambo ambalo picha ya eksirei ndiyo huonyesha. Ufungwe mkono kwa kitambaa shingoni kama ulivyo, mgonjwa apelekwe. Na mtu mzima ashikwaye na maumivu ya bega pamoja na kubanwa kifua, jasho na pumzi fupi, asidhani ni vyuma vya jana. Huenda ni moyo, naye apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.