Kabla ya kununua CDI, ulizeni cheche iko wapi

Juma hili tunaongea juu ya pikipiki, kwa sababu imetukula pesa.

Pikipiki ya kikundi chetu ni 125 ya Kichina, na imeshazeeka. Inabeba mchele na mafuta ya mawese kutoka vijiji vya Kailo mpaka Alunguli, na usiku ni hiyo hiyo tunayoiita mama akishikwa na uchungu. Siku moja ya mvua ikazimika njiani na gunia mgongoni. Motari akapiga kiki mpaka mguu ukavimba. Fundi alipofika hakufungua kitu, akasema tu: "CDI imeungua." Tukafungua sanduku la likelemba, mtu akavuka Lualaba mpaka Kindu, akarudi na CDI mpya. Kimya. "Basi ni bobini." Tukanunua bobini. Kimya tena. Pesa ile tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya Exetat ya mtoto wa mwenzetu.

Mwishoni kosa likaonekana: waya mmoja mweusi wenye mstari mweupe, umechubuka karibu na usukani. Ukafungwa kwa skochi ya umeme, na kiki ya pili pikipiki ikawaka.

Simlaumu fundi peke yake. Sisi wenye mali hatukujua kumwuliza: umepima nini?

Pikipiki nyingi za Kichina za aina hii zimeiga Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, na umeme wake si mgumu kuelewa. Unapopiga kiki, volanti yenye sumaku inazunguka penye koili za ndani ya injini. Umeme unaozaliwa pale unaingia katika CDI, kile kisanduku cheusi, na kungoja. Koili ndogo ya pembeni inatoa amri: sasa! CDI inamwaga umeme wake kwa bobini, bobini inaupandisha zaidi ya volti 10,000, nao unaruka kwenye ncha ya buji. Njia ikikatika mahali popote, hakuna cheche.

Kwa hiyo tunaanza na buji, piesi ya bei ndogo kuliko zote. Itoeni, irudisheni ndani ya kofia yake, chuma chake kiguse chuma cha injini, mbali na tundu la buji na mbali na esansi. Msiishike kwa mkono wakati wa kupiga kiki: umeme ule unapiga kweli. Cheche ya bluu inayolia ni nzuri. Shida itafutwe kwa kabureta. Cheche nyekundu dhaifu, au giza, jaribuni buji nyingine nzima. Nafasi ya ncha iwe kati ya milimita 0.6 na 0.7.

Bado giza? Zungusheni kofia ya buji mpaka itoke kwa waya wake. Mara nyingi mwisho wa waya umeoza kijani kwa maji. Kateni kipande kidogo kama upana wa kucha, kausheni kofia, irudisheni. Hapo hamjatumia hata franka moja.

Sasa ule waya wetu. Kazi yake ni kuzima: ukifunga kontakti, unagusana na chuma cha pikipiki na cheche inakufa. Ukichubuka na kugusa chuma wenyewe, ni kama mtu amefunga ufunguo wakati unaendesha, na mvua inazidisha. Kwa pikipiki za mtindo huu ni mweusi wenye mstari mweupe. Uchomoeni kwenye CDI, pigeni kiki. Cheche ikirudi, CDI ni nzima. Kosa liko kwa kontakti au katika nyaya za usukani. Mkishaona cheche, rudisheni waya, maana bila huo ufunguo hautazima injini. (Pikipiki za kampuni nyingine zina rangi nyingine, fundi atafute waya wa kuzima.)

Kama bado hakuna cheche, ndipo tunafikia piesi za bei. Hapa dawa ni kuazima. Tafuteni jirani mwenye pikipiki ya aina ile ile inayotembea vizuri, ombeni CDI yake, ichomekeni kwa yenu. Halafu bobini yake. Ni kazi ya dakika chache, na jirani akipewa chai hakatai. Fundi mwenye multimita anaweza pia kupima ile koili ndogo ya amri: kwa injini nyingi za Kichina inasoma kati ya omu 100 na 200. Isiposoma kitu, imekatika.

Kuna ugonjwa mmoja wa kudanganya: pikipiki inawaka asubuhi, inatembea nusu saa, inazimika, ikipoa inawaka tena. CDI au koili inaweza kuwa inakufa kwa joto. Hiyo ipimwe pale pale ikiwa moto, maana ikifika kwa fundi imepoa itaonekana nzima.

Anayetumwa Kindu abebe piesi ya zamani mkononi. CDI mbili zinaweza kufanana kwa sura, lakini tundu za kuchomekea ni tano kwa hii na sita kwa ile, na wauzaji wengi hawapokei tena piesi ya umeme iliyokwisha kufungwa. Tuliambiwa hivyo na sisi. CDI yetu ya zamani, iliyokuwa nzima siku zote, imefungwa katika mfuko wa plastiki chini ya kiti, na bobini yake pamoja nayo. Mwenye pikipiki kama yetu aje kuiazima apimie.